Jinsi ya kujenga vizuizi salama vya mazoezi ya baiskeli ya gurudumu moja

BAISKELI ya gurudumu moja ni chombo ambacho Wakenya wengi wamezoea kukiona katika maonyesho ya sarakasi, mchezaji akizunguka jukwaani huku akirusha mipira hewani. Hata hivyo, upo mchezo mwingine wa chombo hicho usiohitaji jukwaa wala muziki. Katika mchezo huo, mwendeshaji hupanda magogo, mawe, ngazi na mihimili myembamba kwa kurukaruka, bila mguu wake kugusa ardhi.

Kwa kijana wa Migori au Homa Bay anayetamani kuujaribu mchezo huo, gharama kubwa ni ya baiskeli yenyewe. Vifaa vya kujengea vizuizi vya mazoezi si vigumu kupatikana: matairi machakavu yaliyorundikwa nyuma ya gereji, magogo ya mikaratusi, mawe ya shambani na mabaki ya mbao katika karakana za maseremala.

Lakini vifaa hivyo hivyo ndivyo viumizavyo. Gogo likibingirika, tairi likichomoza nyaya au msumari ukiinua kichwa, mchezo hugeuka msiba mdogo: mkono uliovunjika, kifundo kilichoteguka, pengine jeraha la kichwa. Makala haya yanaeleza namna ya kujenga vizuizi vitakavyompa mwanafunzi changamoto bila kumtegea mtego.

ASILI YA MCHEZO

Fikra ya kushindana kuvuka vikwazo bila kuweka mguu chini ilianza kwa waendesha pikipiki nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikaingia katika baiskeli za kawaida. Waendeshaji wa baiskeli za gurudumu moja nao waliichukua, na miongoni mwa waliouendeleza mchezo huo na kuutangaza ulimwenguni ni Kris Holm, raia wa Canada.

Mashindano ya dunia ya baiskeli za gurudumu moja, yajulikanayo kama UNICON, yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984 mjini Syracuse, jimbo la New York nchini Marekani. Siku hizi uvukaji wa vizuizi ni mojawapo ya michezo yake.

Kanuni yake kuu ni nyepesi kueleza. Uwanja hugawanywa katika sehemu nyingi, kila moja ikiwa na kikwazo chake. Mshindani huhesabiwa kuwa amefaulu katika sehemu akiivuka tangu mwanzo hadi mwisho bila mguu, mkono au kiungo kingine kugusa ardhi wala kizuizi. Anayevuka sehemu nyingi zaidi ndiye mshindi.

Baiskeli itumikayo ina gurudumu dogo lenye tairi nene, upana wake ukikaribia sentimita 6, na fremu imara kuliko ile ya sarakasi. Wenye ustadi wa juu huweza kuruka na kutua juu ya rundo la paleti linalozidi kimo cha mita 1. Mwanafunzi hapaswi kuanzia huko. Sentimita 10 zinamtosha.

Onyo moja litangulie. Fundi wa baiskeli anaweza kushawishika kuunda chombo hiki kwa vipuri vya baiskeli ya mizigo aina ya Black Mamba. Chombo cha namna hiyo huenda kikafaa kujifunzia usawa kwenye tambarare, lakini kisitumiwe kurukia. Pini zinazoshika mikono ya pedali katika baiskeli hizo hazikukusudiwa kubeba mishtuko ya kuruka na kutua, na zinaweza kulegea au kukatika mwendeshaji akiwa hewani.

ANGUKO LIJENGWE KWANZA

Kosa la wajenzi wengi ni kufikiria jinsi mwendeshaji atakavyopanda, na kusahau jinsi atakavyoanguka. Katika mchezo huu kuanguka si ajali bali ni sehemu ya somo. Anayejifunza huanguka mara nyingi kwa saa moja.

Bahati njema ni kwamba baiskeli ya gurudumu moja haina usukani wa kumzuia mtu. Anayepoteza usawa kwa kawaida huruka mbele au nyuma na kutua kwa miguu yake, huku baiskeli ikichomoka upande wa pili. Kinachoamua kama ataumia ni kile anachokikuta chini: jiwe, ncha ya mbao, pengo kati ya vizuizi viwili au ardhi iliyo tupu na tulivu.

Kwa hiyo, kabla ya kupigilia ubao wa kwanza, mjenzi apime nafasi ya kuangukia. Pawe na angalau mita 2 za ardhi tupu kuzunguka kila kizuizi, nyuma na mbele pia. Watazamaji, hasa watoto wadogo, wakae nje ya eneo hilo kwa kuwa baiskeli iliyoponyoka hurushwa mbali.

Ardhi bora ni ya nyasi fupi juu ya udongo usio na mawe. Zege na lami zisitumiwe na anayeanza kuruka. Magodoro yaliyotandazwa ovyo nayo hayafai: gurudumu huzama, nao mguu unaotua ukingoni mwa godoro hupinda kifundoni.

KUCHAGUA MAHALI

Kaunti hizi mbili zina hatari zake ambazo mjenzi hana budi kuzikumbuka. Katika maeneo ya machimbo ya dhahabu ya Migori, kama vile Nyatike, yapo mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa wazi, mengine yakifichwa na vichaka. Uwanja wa mazoezi usiwekwe karibu na ardhi ambayo historia yake haijulikani. Wazee na majirani waulizwe kwanza.

Vilevile, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania si mahali pa mazoezi, hata kama pana kingo nzuri za kurukia. Malori ya mizigo na ya miwa hayampi mwendeshaji nafasi ya kukosea.

Udongo pia una tabia zake. Udongo mweusi wa mfinyanzi hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Kizuizi kilichosimama wima mwezi wa Februari chaweza kuinama mwezi wa Mei, baada ya mvua za masika. Panapokuwa na udongo huo, vizuizi viwekwe juu ya tabaka la murramu iliyoshindiliwa, unene wa sentimita 15 hivi, na vikaguliwe upya kila baada ya mvua kubwa.

Uwanja wa shule baada ya masomo au uwanja wa kanisa mara nyingi ndio mahali panapofaa zaidi, mradi kibali cha mwalimu mkuu au viongozi kipatikane. Vizuizi visivyochimbiwa viondolewe baada ya mazoezi ili watoto na mifugo wasidhurike.

VIFAA VYA KUKATALIWA

Si kila kinachopatikana bure kinafaa. Tairi lililolika hadi nyaya zake za chuma kuonekana likataliwe, kwa maana nyaya hizo hukata kama wembe. Mbao zilizoliwa na mchwa, zenye ufa mrefu au zilizooza zisipewe kazi ya kubeba mtu.

Nguzo kuukuu za umeme au simu nazo ziepukwe. Nyingi zimetibiwa kwa kemikali za kuzuia wadudu, ambazo huweza kudhuru ngozi na kumwingia mtu anapokata au kupasua mbao hizo. Zaidi ya hayo, kuchukua nguzo, vifuniko vya mitaro au vyuma vya alama za barabarani ni kosa la jinai, na huwaachia wapita njia hatari kubwa kuliko faida ya mchezo.

Paleti za mbao zilizotumika kusafirishia bidhaa nje ya nchi huwa na muhuri. Zenye herufi HT zilitibiwa kwa joto na zinafaa. Zenye herufi MB zilifukizwa kwa kemikali ya methyl bromide, na ni heri kuziacha.

TAIRI: KIZUIZI CHA KWANZA

Tairi ni kizuizi rahisi kuliko vyote. Tairi la gari dogo likilazwa huwa na kimo cha karibu sentimita 20, na la lori karibu sentimita 28. Lakini tairi tupu ni hatari kwa sababu mbili: hubonyea na kumrusha mwendeshaji asikotarajia, na hukusanya maji ya mvua.

Sababu ya pili isipuuzwe. Ukanda wa Ziwa Victoria, zikiwemo kaunti hizi mbili, ni miongoni mwa maeneo yanayoathiriwa zaidi na malaria nchini Kenya, na maji yaliyotuama ndani ya matairi ni makazi ya mbu wa aina mbalimbali wenye kuambukiza maradhi.

Dawa ni moja kwa matatizo yote mawili. Toboa matundu matatu au manne upande wa chini, kisha jaza murramu tabaka kwa tabaka, kila tabaka la sentimita 10 likishindiliwa kwa mti mzito. Sukuma udongo ndani kabisa ya mashavu ya tairi. Likijaa, likanyage: lisipobonyea chini ya uzito wa mtu mzima, liko tayari.

Tairi laweza pia kusimamishwa wima na kuchimbiwa ardhini. Zaidi ya nusu yake iwe chini, na udongo ushindiliwe pande zote pamoja na ndani yake.

PALETI NA VISANDUKU

Paleti hupendwa na waendeshaji kote duniani kwa kuwa kimo chake ni kama sentimita 14, na rundo lake huongezwa hatua kwa hatua. Hata hivyo, paleti zilizopangwa tu bila kufungwa huteleza moja juu ya nyingine mara gurudumu linapotua ukingoni.

Zifungwe pamoja kwa mbao za wima katika pembe zote nne, zikishikwa kwa bolti au skurubu ndefu. Misumari pekee haitoshi, kwani mtikisiko wa kurukaruka huing'oa kidogo kidogo. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya mbao, na ncha yoyote inayochomoza ikatwe kwa tupa.

Nafasi zilizo kati ya mbao za juu zizibwe kwa plaiwudi yenye unene wa milimita 18, la sivyo mguu wa anayeanguka utanasa humo. Kingo zipigwe randa mpaka ziwe mviringo kidogo.

Pasipo na paleti, seremala anaweza kutengeneza kisanduku cha upana wa mita 1 kila upande na kimo cha sentimita 15. Ndani yake ziwekwe mbao za kubebea, zikiachana kwa sentimita 30. Visanduku vitatu vya namna hiyo vikifungwa kama ngazi vinampa mwanafunzi mazoezi ya miezi mingi.

MHIMILI MWEMBAMBA

Mhimili hufundisha utulivu kuliko nguvu. Wa kwanza uwe na upana wa sentimita 30, wa pili 20, wa tatu 10. Urefu wa mita 2.5 watosha, na kimo kutoka ardhini kisizidi sentimita 15. Mhimili ulioinuliwa juu hauongezi ustadi wa anayeanza. Huongeza tu uzito wa anguko.

Miguu yake iwe mbao za kukingama zenye upana wa sentimita 80, ili mhimili usipinduke upande. Mguu mmoja uwe katikati na miwili iwe karibu kabisa na ncha. Miguu ya pembeni ikiwekwa mbali na ncha, ubao hupanda na kushuka kama pembea mwendeshaji anapofika mwisho, naye hutupwa.

Mbao hizi huteleza mno zikilowa. Zipakwe rangi, kisha mchanga mkavu unyunyizwe juu kabla rangi haijakauka. Uso mkwaruzo upatikanao hushika tairi vizuri. Hata hivyo, wakati wa mvua mazoezi ya mhimili yasitishwe.

GOGO

Gogo la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 30 ni kizuizi imara na cha gharama ndogo. Kwanza limenywe magamba, kwa kuwa gamba linalojiachia huteleza chini ya gurudumu. Vifundo vya matawi vikatwe sawa na shina.

Gogo lisiachwe juu ya ardhi hata siku moja. Chimba mtaro na ulizamishe thuluthi moja ya kipenyo chake, kisha pigilia vigingi viwili kila upande, vichwa vyake vikiwa chini ya usawa wa gogo. Jaribio lake ni la wazi: watu wazima wawili wakilisukuma kwa miguu lisitikisike.

MAWE: SOMO LA THIMLICH OHINGA

Kuhusu mawe, wenyeji wa eneo hili wana mwalimu wa kale. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori ipo ngome ya Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta zake, zinazokadiriwa kujengwa kuanzia karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na zilijengwa bila saruji wala udongo wa kugandishia.

Siri yake ni mpangilio. Ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, kila mmoja ukiwa umepangwa kwa mawe makubwa yaliyoshikana, na katikati yakajazwa mawe madogo yanayozibana pande hizo mbili. Hakuna jiwe linalocheza kwa sababu kila jiwe limebanwa na mengine.

Mjenzi wa kizuizi anaweza kufuata mpango huo huo kwa kiasi kidogo. Msingi uchimbwe sentimita 15 na kutandazwa mawe makubwa kuliko yote. Kila jiwe la safu ya juu likalie mawe mawili ya safu ya chini, ili nyufa zisifuatane. Katikati ijazwe kokoto zilizobanwa kwa nyundo. Kwa kimo cha sentimita 30, upana usipungue mita 1. Mawe ya juu yawe bapa na mazito, na yale yenye makali yageuzwe au yachongwe.

Ni muhimu kusisitiza kwamba funzo la Thimlich Ohinga ni la macho tu. Kupanda kuta zake kwa baiskeli, au kubeba hata jiwe moja kutoka huko, ni uharibifu wa turathi inayolindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006.

MAJARIBIO NA UKAGUZI

Gurudumu linalotua kutoka juu hukipiga kizuizi kwa nguvu inayozidi mara kadhaa uzito wa mwendeshaji. Ndiyo maana kizuizi kisichotikisika mtu anapokisimamia kinaweza kuvunjika anapokirukia.

Kabla ya matumizi ya kwanza, watu wazima watatu wasimame juu ya kizuizi kwa pamoja na kujitikisa, kwanza katikati kisha ukingoni. Kikilia, kikiinama au kikisogea, kirudi kwa fundi.

Baadaye, kila siku ya mazoezi ianze kwa ukaguzi wa hatua tatu. Kitazame kizuizi kama kina ufa, mchwa au ncha. Kipapase kwa mkono uliovaa glovu, maana kidole hugundua msumari ambao jicho haliuoni. Kisha kitikise. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Kimo nacho kiongezwe kwa subira. Mwanafunzi asipande kizuizi cha sentimita 20 kabla ya kukivuka kile cha sentimita 10 mara kumi mfululizo. Haraka haraka haina baraka, na msemo huo hapa una uzito wa mfupa.

MAVAZI YA KINGA

Kizuizi kilichojengwa vyema hakiondoi haja ya kinga. Kofia ngumu ya baiskeli ivaliwe na kufungwa kidevuni wakati wote. Ile ya pikipiki ni nzito na huziba masikio, hivyo haifai kwa mchezo wa usawa.

Pedali za baiskeli hizi huwa na meno ya kushika soli, na meno hayo huchubua magoko vibaya. Kinga za magoko zinazotumiwa na wachezaji kandanda hufaa, zikiambatana na kinga za magoti na glovu ngumu za mikono. Viatu viwe vya kufunika mguu, na kamba zake zisokotwe ndani, kwani kamba inayoning'inia hujizungusha kwenye mkono wa pedali na kumnasa mwendeshaji.

Mtu asifanye mazoezi peke yake. Awepo mwenzake mwenye simu yenye chaji.

IKIWA AMEUMIA

Anguko la mikono huweza kuvunja kifundo cha mkono. Mkono uliovimba au kupinda usinyooshwe wala kukandwa. Uungwe ulivyo kwa kipande cha ubao na kitambaa, kisha majeruhi apelekwe hospitalini.

Aliyegonga kichwa asirejee mchezoni siku hiyo hata akidai kuwa mzima. Akizirai, akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kawaida, apelekwe mara moja katika hospitali kubwa iliyo karibu, ikiwemo ile ya rufaa ya Kaunti ya Homa Bay au ya Kaunti ya Migori. Jeraha lililochafuka kwa udongo au kutu lisafishwe kwa maji mengi na sabuni, na mhusika aulizie chanjo ya pepopunda.

Yote hayo yanaonyesha kwamba usalama wa mchezo huu hautegemei fedha nyingi. Koleo, nyundo, skurubu chache na siku mbili za kazi ya pamoja zinatosha kuutengeneza uwanja wenye tairi, kisanduku, mhimili na gogo. Kinachohitajika zaidi ni mjenzi anayekubali kwamba kijana ataanguka, na akaiandaa ardhi ya kumpokea kabla ya kumwekea cha kupanda.